Mkono wa Idi, na Mbuzi ya Mama Mkubwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya watu wote wa nyumba hii, nawapa mkono wa Idi wazee wangu, ndugu, jamaa na majirani, wa Unguja na Pemba, wa bara, na nyote mlioko ughaibuni. Alhamdulillahi Ramadhani tumeimaliza salama. Mola azitakabali funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atufikishe Idi nyingine tukiwa wazima. Amin.

Kwa kawaida salamu zangu huishia hapo. Mwaka huu nina la kuongeza, mnivumilie.

Mwezi wa Rajabu tulimzika Mama Mkubwa. Wengi wenu mlikuja, Mungu awalipe. Mimi kinachonikaa rohoni ni ile mbuzi yake. Iko jikoni, imeegemezwa ukutani, na tangu aondoke hapana aliyeikalia. Usiku wa kuamkia Idi ndiyo ilikuwa kiti chake: kanga kaibana mapajani, sinia mbele yake, anakuna nazi na huku anaimba nyimbo za Siti binti Saad. Akifika ubeti anaoupenda, mkono unasimama na nazi inangoja. Tukilalamika kwamba tui litachelewa, anatujibu, “Siti hakatizwi.”

Nazi zenyewe safari hii tumenunua za kuhesabu. Bei mnaijua. Mchele umepanda, sukari ndiyo usiseme, na mwenye watoto watano wa kuwavisha nguo mpya hahitaji kuelezwa na mimi. Wapo waliochukua vitambaa kwa mali kauli, na wapo waliowafulia watoto nguo za mwaka jana wakazipiga pasi. Wote Idi imewafikia.

Basi, Siti. Mama Mkubwa alimsimulia kana kwamba ni shangazi yake. Mtoto wa Fumba, wa watu walioonja utumwa, hata jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Akitembeza mjini vyungu vya mama yake, na akivinadi watu wanasimama, si kwa sababu wanataka vyungu. Hakujua kuandika, nyimbo zote zilikaa kichwani. Taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, na wachukuzi na wapishi nao wakaelewa kinachosemwa. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na mpaka anafariki, Julai 1950, jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima. Bi Kidude, mwimbaji mwenzake wa Unguja aliyemsikiliza tangu udogoni, akazibeba nyimbo zile mpaka naye alipotutoka Aprili 2013. Na waandishi wa habari wanawake wa chama cha TAMWA walipolipa jarida lao jina, waliliita Sauti ya Siti. Waliona mbali.

Maana watu humsifia sauti, lakini Mama Mkubwa alimsifia ujasiri. Kisa chake kikubwa kilikuwa cha Kijiti: mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam kauawa hapa Unguja, muuaji, huyo Kijiti, katorokea bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa jela. Siti akaliimba. Likaingia maharusini, likakaa barazani, na kila mwenye masikio akajua nani kadhulumiwa.

Hapa niseme la kwangu. Miaka kadhaa nyuma binti mmoja wa jamaa zetu alirudi kwao usiku, jicho limevimba, kiatu mguu mmoja. Wakubwa tukakaa kikao. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema arudi kwa mumewe, avumilie, nyumba isitirike. Mama Mkubwa akaingia, hakutoa hata salamu. Akamshika yule binti mkono, akamtia chumbani kwake, akakomea mlango. Baadaye tukasikia anamwimbia, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Asubuhi wakatoka wawili wakaenda kwa sheha. Sikumwomba radhi Mama Mkubwa hata siku moja, na sasa yuko chini ya udongo. Namwomba leo. Na wewe binti yangu, najua utasoma hapa, nakuomba pia.

Ndugu zangu, tumefunga vinywa mwezi mzima tusile mchana. Tusivifunge na kwa jirani anayepigwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na kumsaidia dhalimu ni kumshika mkono asidhulumu. Hakusema tumtengenezee kikao tumpambie maneno. Leo na kesho mtapita nyumba kwa nyumba kupeana mikono. Mkiona nyumba mwanamke hatoki kupokea wageni, mnaambiwa ana homa, na Idi iliyopita pia alikuwa na homa, msile tambi mkaaga. Kina mama waingie ndani wamuulize hali. Kina baba, na sisi tuulize, tusijifanye tunatafuta viatu mlangoni.

Nimesema mengi, nisameheni kwa yote niliyowakosea, kwa kujua na kwa kutojua. Minal aidin wal faizin.

Watoto waje baada ya sala. Mkono wa Idi upo, ingawa ni mdogo kuliko wa mwaka jana. Na kina dada mnaokuja kupika, mmoja awahi mapema akune nazi. Mbuzi nimeshaifuta vumbi.