Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama kwa mwaka ulioisha

Ndugu wanachama wa chama chetu cha maadili, salamu. Shughuli za kawaida mnazijua sina haja ya kurefusha, vikao vya vijana vilifanyika, mdahalo ulifanyika, semina ya walezi nayo ilifanyika, walezi walikuja 9, viti niliazima 60 na kuvirudisha nikavirudisha mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile la mistari maana ndo wengi mnalolisubiri. Ndiyo, ni mimi niliyeamua tufanye na vijana lile jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani, la mwaka 1951, la kuona kama mtu atafuata kundi hata likikosea. Tukakalisha vijana saba, sita tumeshawanong'oneza waseme uongo, wa saba hana habari. Unawaonyesha mstari mmoja halafu unauliza, kati ya hii mitatu upi unalingana nao? Jibu liko wazi kabisa. Sita wote wakataja ule mfupi usiolingana. Yule wa saba akawatazama, akaikodolea macho karatasi, akafuta viganja kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini, "huo mfupi".

Basi mkaandika kwenye grupu eti chama cha maadili kimemdanganya mtoto wa watu. Sawa, tumemdanganya, dakika kumi, kisha nikamweleza ukweli palepale na hakuna aliyemcheka, na waliopiga kelele zaidi hata kikaoni hawakuwepo! Wale wa Asch walikuwa wanafunzi wa chuo na bado kama robo tatu yao walifuata kundi angalau mara moja, ila akipatikana mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kundi kulipungua sana. Hilo ndo nilitaka walione. Miaka yote tunawahutubia kuhusu msimamo wanapiga miayo, siku hiyo walibishana mpaka giza likaingia, kama wote wanafanya ndo inakuwa sawa? Binti mmoja kati ya wale sita akauliza, je sisi tuliodanganya kisa mwenyekiti kasema? Nikamwambia swali zuri, tutalipeleka kikao kijacho.

Mahudhurio ni aibu. Wanachama 46, waliolipa ada 17, mkutano mkuu tulikuwa 12 na wawili wakaondoka kabla ya hesabu kusomwa. Halafu tunawafundisha vijana kutimiza ahadi, haya.

Mwakani Mungu akipenda tutajaribu kufika na mashuleni, tukipata watu. Swali la yule binti bado liko kwenye ajenda, mwenye jibu aje, na aje na ada yake.