Barua kwa Zaituni kabla ya Jumanne

Tanga, Ijumaa usiku

Shoga yangu Zaituni,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, hofu ni kwako. Nimetoka zamu ya mchana, nikafungua simu nikakuta sauti yako, nikaisikiliza bado nimevaa viatu vya kazini. Nilitaka kupiga papo hapo, Pili akaniambia umeshalala na ukiamshwa tu basi, unakesha. Ndiyo maana naandika. Na kwa kweli ni afadhali, maana kwenye simu utasikia nusu, nusu utalia. Nitaipiga picha barua hii nikutumie, uisome taratibu, na Shemeji naye aisome. Yeye hasa aisome.

Kwanza hongera kwa kufika hapo ulipofika. Tumeisubiri mimba hii wote, hata Mama Chausiku anayejifanya haimhusu.

Sasa umesema Jumanne unakwenda kuanzishiwa uchungu, na kwamba daktari alikwambia huku ameshashika kitasa cha mlango, hukupata hata nafasi ya kuuliza. Hilo limeniuma. Mwanamke anaambiwa jambo kubwa namna hiyo halafu anaachwa arudi nyumbani kuulizia majirani! Lakini lililoninyima usingizi ni lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo, kwamba mama mkwe ameshaanza kuchemsha mizizi "ili Jumanne usihangaike". Zaituni, usinywe. Nitalieleza vizuri hapo chini, lakini nimeona nilitangulize usije ukaishia njiani kusoma.

Kwa nini wanakuanzishia? Umetimiza wiki 41. Shirika la Afya Duniani linashauri mama ambaye ana uhakika kuwa ametimiza wiki 41 aanzishiwe, kwa sababu mimba ikizidi hapo kondo linalomlisha mtoto linaweza kuanza kuchoka, na uwezekano wa mtoto kufia tumboni, ingawa ni mdogo, unapanda kadiri siku zinavyosogea. Huna presha, huna sukari, mtoto anacheza. Kwa hiyo hawakuiti kwa sababu kuna baya limetokea, wanataka kulitangulia. Wengine huanzishiwa mapema zaidi kwa presha ya mimba, au chupa imepasuka na uchungu haujaja. Mimi mwenyewe, mimba ya Salma wangu, nilianzishiwa kwa ajili ya presha. Nilikuwa mkunga, kila hatua naijua, na bado mikono ilikuwa ya baridi. Woga wako si ujinga.

Ukifika watakupima njia. Wanatazama shingo ya kizazi imefunguka kiasi gani, imefupika kiasi gani, kichwa kimeshuka kiasi gani, na kama imeiva. Isipoiva, kidole kinaigusa ngumu kama ncha ya pua. Ikiiva inakuwa laini kama mdomo. Wewe ni mimba ya kwanza, usishangae wakikwambia bado haijaiva. Hapo ndipo safari inapokuwa ndefu, na ndilo jambo ambalo watu hawaambiwi. Wanadhani ukimeza dawa asubuhi, jioni umepakata mtoto. Inaweza kuwa hivyo. Mara nyingi, kwa mzazi wa kwanza, sivyo. Siku nzima inaweza kupita bila lolote la maana, na wapo wanaofika siku ya pili, hata ya tatu.

Kuivisha shingo kuna njia zaidi ya moja. Huenda wakatumia mpira mwembamba: unaingizwa kwenye shingo ya kizazi, wanajaza maji kidogo kwenye kiputo cha ndani, kinakaa pale kikisukuma taratibu, na mkia wake unabandikwa pajani kwa plasta. Kuuingiza kunakera, utahisi kubanwa kama siku za hedhi, lakini hakudumu. Baadaye utaenda zako msalani na mpira utadondoka wenyewe. Usishtuke ukadhani umeharibu kitu! Ukidondoka maana yake njia imefikia kama sentimita tatu au nne, waite tu wauguzi uwaambie.

Au watakupa misoprostoli. Hii isikilize vizuri, maana najua mdogo wake Shemeji ana duka la dawa na ana mdomo mwepesi wa kushauri. Kipimo cha kumeza cha kuanzishia uchungu ni maikrogramu 25, kila baada ya saa mbili, na kabla ya kila dozi mama anapimwa kwanza. Kidonge kinachouzwa sana ni cha maikrogramu 200. Kimoja hicho ni dozi nane kwa mpigo. Ndiyo maana utaona muuguzi anakiyeyusha kwenye maji mililita 200, anakoroga, anakupimia mililita 25 kwenye kikombe. Ni maji tu machoni, utasema hawa wananichezea. Hawakuchezei. Mtu akikuletea kidonge kizima nyumbani, hata kwa nia njema, kitupe. Na mwambie Mwanaidi pia, yeye aliyezaa kwa upasuaji mara ya kwanza: dawa hiyo haimfai kabisa kuanzishiwa nayo, kovu linaweza kuachia.

Njia ikishaiva, pengine watapasua chupa. Wanatumia kifaa kirefu chenye ncha iliyopinda, hakimgusi mtoto, na utando wenyewe hauna maumivu. Utasikia maji ya moto yanakumiminikia. Tazama rangi yake au muulize mkunga. Yakiwa meupe, vizuri. Yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia tumboni, watamfuatilia kwa karibu zaidi.

Halafu dripu ya uchungu. Inaanza matone machache, wanaongeza kidogo kila baada ya nusu saa, mpaka upate uchungu wa kama mara tatu ndani ya dakika kumi, kila mmoja ukikaa sekunde arobaini na zaidi. Hapa sitakudanganya, shoga. Uchungu wa dripu haupigi hodi. Ule wa kawaida unaanza mgongoni, unaondoka, unakupa muda wa kuuzoea; huu ukishika umeshika. Sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu sijui kama hapo kwenu mnaipata, hospitali nyingi za huku hazina, ila uliza, kuuliza si kosa. Usiogope kupiga kelele. Omba usimame, uinamie kitanda, usuguliwe kiuno, uchezeshe nyonga. Kulala chali saa zote hakusaidii. Maji kunywa, na kama hawajakukataza, uji mwepesi pia, mwili unafanya kazi kubwa.

Na ukiwa kwenye dripu usiachwe peke yako. Huo si upendeleo, ndivyo inavyotakiwa. Mkunga anaweka mkono juu ya tumbo lako, anatazama saa, anahesabu. Anasikiliza mapigo ya mtoto: kati ya 110 na 160 kwa dakika ndiyo tunayotaka. Uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi, umezidi. Dripu inafungwa, unalazwa ubavu wa kushoto, tumbo linapewa nafasi ya kulegea. Kwa sababu mtoto anapata hewa vizuri pale tumbo linapolegea. Shika hilo moja kama hukushika mengine yote.

Sasa nirudi kwenye mizizi.

Unajua inaingiaje wodini? Si asubuhi. Inaingia jioni ya siku ya kwanza, ile siku nisemayo kwamba hakuna kinachoonekana. Ndugu wamekaa nje tangu alfajiri, wamechoka, simu zinaita kijijini, kila mtu anauliza "bado tu?" Mgonjwa naye ameanza kuona aibu kama vile anachelewesha watu. Ndipo chupa ya chai inapita getini pamoja na wali, na anayeileta ni mtu anayekupenda. Hakuna adui hapo. Ndiyo maana inakuwa vigumu kukataa.

Nilikuwa zamu usiku mmoja, mama wa kitanda cha pembeni alikuwa amepewa dawa yake ya kwanza na ya pili, shwari kabisa, anaongea, anacheka. Baada ya chakula cha jioni nikamkuta amejikunja, jasho linamtoka hadi kwenye khanga. Nikaweka mkono tumboni nisubiri lilegee. Halikulegea. Nikasubiri tena. Limekaza vilevile. Nikasikiliza mtoto, mapigo yameshuka chini ya 90. Tukamuuliza, amekula nini, amekunywa nini, anatikisa kichwa. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya chai, nikafungua kifuniko, ile harufu ya majani machungu… Tulikimbia naye chumba cha upasuaji. Mtoto alitoka hoi, akahangaikiwa, akalia. Mfuko wa uzazi ulikuwa haujachanika, alhamdulillahi, lakini mama mzazi wa yule mgonjwa alipiga magoti koridoni akiniambia "mimi nilitaka kumsaidia". Nilimwinua. Ningemjibu nini?

Dawa ya hospitali naijua kipimo, najua inaanza saa ngapi na ikizidi naizuia vipi. Mizizi iliyochemshwa hakuna ajuaye ina nguvu kiasi gani, na ikishamezwa hakuna pa kuifunga. Zikikutana mbili tumboni, mfuko unaweza kukaza bila kuachia, mtoto akakosa hewa, au mfuko ukachanika. Mafuta ya nyonyo nayo ni vivyo hivyo, weka pembeni, yatakuharisha tu ufike Jumanne huna nguvu. Mama mkwe usimgombeze. Mwambie daktari amekataza, msingizie hata mimi, mpe kazi nyingine: akakae na wewe akusugue mgongo, hiyo ni dawa kweli. Na kama umeshaonja, ukifika waambie. Watakasirika dakika moja, lakini watajua cha kufanya.

Umeniuliza pia kama kuanzishiwa ndiyo kuitwa kisu. Hayo ni maneno ya Mama Chausiku, nimeyatambua. Marekani walifanya utafiti kwa wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na matatizo, ukatoka mwaka 2018: waliopangiwa kuanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa asilimia 18.6, waliosubiri asilimia 22.2. Hospitali zao si kama zetu, wiki zao si zako, najua, lakini ile habari kwamba kuanzishiwa lazima uishie kwenye upasuaji haina msingi. Inaweza kushindikana, ndiyo. Njia ikigoma kufunguka au mtoto akichoka, utapasuliwa, na hutakuwa umeshindwa chochote. Saini ile karatasi bila kulia sana.

Jambo jingine: mfuko ulioendeshwa na dripu kwa muda mrefu unaweza kuchoka baada ya mtoto kutoka ukavuja damu. Watakuchoma sindano ya paja mara tu mtoto akitoka, ni ya kuzuia hilo. Ila damu ya akiba iwe imeandaliwa. Shemeji aache kuhangaika na rangi ya kitanda cha mtoto, atafute watu wawili wa kuchangia.

Tukimaliza haya nitakupa habari za Mwalimu Hassan na ile nyumba, ni ndefu mno kwa leo.

Niambie sasa. Zile wiki 41 zimehesabiwa kwa nini, tarehe ya hedhi yako ya mwisho au kipimo cha picha? Kile cha kwanza ulipiga mimba ikiwa changa, sivyo? Karatasi yake bado unayo? Ibebe. Kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi? Nani anaingia na wewe leba, na wameshakubali? Wamesema watakupa mpira au dawa ya kunywa? Usiku huo wa Jumatatu unalala wapi, maana kutoka kwenu hadi hospitali alfajiri sijui mtapata usafiri gani. Na mama mkwe, umeshamwambia au unasubiri mimi nimpigie? Nipe namba yake, nitaongea naye kwa adabu zote, ananiheshimu.

Nipigie picha kadi yako ya kliniki, kurasa zote, unitumie kesho kabla sijaingia zamu.

Ni mimi wako,
Rehema

N.B. Endelea kumsikiliza anavyocheza. Akipunguza kucheza, ukaona damu, maji yakamwagika, au kichwa kikauma sana na macho kuona giza, usisubiri Jumanne. Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, halafu ndipo unipigie.