Tuonyesheni miguu ya stelingi

Mhariri,

Filamu mpya ya mapigano kutoka Marekani ikiingia mjini, kinachotangulia kuandikwa magazetini ni bajeti yake: mara dola milioni 200, mara dola milioni 300. Mtu anayepiga hesabu ya nauli na kiingilio hasaidiwi chochote na tarakimu hizo. Naomba wachambuzi wenu watujibu swali jingine kabisa: stelingi anapopigana, miguu yake inaonekana?

Pigo la kweli huanzia chini. Kisigino kinasukuma ardhi, kiuno kinazunguka, bega linafuata, ngumi inakuja mwisho. Kamera ikikaa mbali kiasi cha kumchukua mtu mzima toka utosini hadi unyayoni, mtazamaji huliona pigo likiandaliwa, na roho inamruka kabla halijatua. Kamera ikibanwa kifuani na kutikiswa, tunabaki na bega, nywele na kishindo kilichoongezwa studio. Mara nyingi mtikisiko huo ni pazia tu: mwigizaji alipewa siku chache za mazoezi, mateke yake hayafiki, basi mhariri wa picha analazimika kuokoa jahazi kwa mikato, yaani kuruka haraka toka picha moja hadi nyingine. Tazameni Taken 3 ya mwaka 2014, pale Liam Neeson anaporuka uzio wa waya. Ni tukio la sekunde sita hivi, na limekatwa zaidi ya mara kumi. Likiisha, huwezi kumweleza mwenzako uzio ule aliupandaje.

Chad Stahelski, mwongozaji wa John Wick: Chapter 4 (2023), kazi hii anaijua kwa mwili wake. Ndiye aliyekuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye michezo ya hatari ya The Matrix mwaka 1999. Ndani ya jengo moja la Paris kamera yake inapanda juu na kupita chumba baada ya chumba ikitazama chini, kama mtu aliyesimama nyuma ya wacheza bao. Tunajua adui yuko nyuma ya mlango upi kabla stelingi hajaufikia. Hata hivyo filamu ina dakika 169, na hizo ni nyingi mno. Tena suti zisizopenywa na risasi zinaiharibu: mtu akishainua koti mara kumi kujikinga, risasi ya kumi na moja haimtishi mtu yeyote ukumbini.

Isieleweke kwamba mikato ya haraka ni kosa siku zote. Mad Max: Fury Road (2015), iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, ina shoti (vipande vya picha kati ya mkato na mkato) zipatazo 2,700 ndani ya saa mbili, yaani chini ya sekunde tatu kwa kila shoti, na hakuna anayepotea. Mwongozaji George Miller alitaka kitu muhimu, kiwe uso, mkono au usukani, kikae katikati ya picha kila mara. Jicho halihami. Kitu kikiwa kushoto kwenye shoti moja na kulia kwenye inayofuata, jicho hupoteza muda kukitafuta, na kama shoti yenyewe ni ya nusu sekunde, imeshapita. Margaret Sixel, aliyeunganisha picha hizo, alipata Oscar kwa kazi hiyo, na aliistahili.

Kwenye magari kipimo ni uzito. Gari la kweli likitua baada ya kuruka, springi zinabonyea, boneti inainama, vumbi linatoka kwanza chini ya matairi kisha linabaki nyuma. Gari lililochorwa kwa kompyuta mara nyingi hutua kama karatasi. The Fall Guy (2024) iliweka rekodi ya kubingirisha gari mara nane na nusu, ikaipita Casino Royale ya mwaka 2006 iliyofikisha saba. Mbinu yenyewe ni bomba la chuma linalofungwa chini ya gari likielekea ardhini. Gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa hufyatua mti wa chuma, unagonga ardhi, na gari linapinduka. Dereva amefungwa mikanda ndani ya kizimba cha mabomba. Gari likikimbizwa mchangani na mchanga ukawa laini mno, matairi yanazama, kasi inapungua na mabingirisho hayatimii. Hapo ndipo fedha za filamu zinapaswa kwenda.

Wenye kumbi nao wana sehemu yao ya lawama. Kiwango cha mwanga kwenye skrini ya sinema ni kandela (kipimo cha mwangaza) 48 kwa mita ya mraba. Taa ya projekta hufifia kadiri saa zinavyoongezeka, na isipobadilishwa kwa wakati, pigano la usiku hugeuka tope la kijivu. Miwani ya 3D hula zaidi ya nusu ya mwanga uliobaki, kwa hiyo filamu yenye matukio mengi ya gizani ni afadhali kuitazama onyesho la kawaida. Nyumbani, zimeni ile programu ya televisheni inayolainisha mwendo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ikijibunia picha za kati, hata gari zito linateleza kama liko kwenye sabuni.

Kibanda umiza kinalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Pale sauti ya mtafsiri inafunika maneno ya waigizaji, kwa hiyo pigano lisiloeleweka kwa macho humlazimu kulisimulia. Likipangwa vizuri, ananyamaza na ukumbi unapiga kelele wenyewe.

Aprili 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo ya ubunifu wa michezo ya hatari. Itaanza kutolewa mwaka 2028, kwa filamu zitakazotoka 2027. Kurasa zenu zisisubiri hadi hapo. Majina ya wabunifu hao tayari yamo kwenye orodha inayopita mwishoni mwa filamu za mapigano. Kwenye uchambuzi ujao, andikeni moja chini ya jina la mwongozaji.

Mpenzi wa sinema,
Dar es Salaam