Msimu wa korosho na wauza "lehemu nzuri"

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka minada ya korosho ikishaanza na vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vikaanza kulipa, Masasi hupata wageni wa kila aina, na wauza dawa wenye gari na vipaza sauti hawakosi. Msimu uliopita walikuja na wimbo mmoja: dawa ya kuongeza lehemu (kolesteroli) nzuri, ile wanayodai huzibua mishipa inayolisha moyo. Ukurasa wako wa afya nao ukaandika kwamba mwenye lehemu nzuri nyingi hana cha kuhofia. Kwa hilo mmewapigia debe, hata kama hamkukusudia.

Jirani yangu, mzee mwenye mikorosho yake njia ya Newala, alinionyesha cheti cha maabara baada ya kupita kwa mmoja wa wauzaji hao pale stendi. Cheti kina mistari minne, yote kwa milimoli kwa lita: lehemu jumla, LDL (lehemu "mbaya", ile inayoziba mishipa), HDL na trigliseridi (mafuta mengine ya damu). HDL, ambayo ndiyo hiyo "nzuri", ilisoma 0.9, na muuzaji alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu mara mbili. Alimwambia ugonjwa uko hapo, kisha akamuuzia chupa tatu. LDL ilisoma 4.9. Hiyo hakuigusa kabisa, na ndiyo iliyopaswa kumkosesha mzee usingizi.

Simlaumu mzee. Kwa miaka mingi madaktari wakubwa duniani waliamini hivyo hivyo, na si kwa ujinga. Waliwafuatilia watu, wakaona wenye HDL nyingi wanaugua moyo mara chache. Tatizo ni kwamba mwenye HDL nyingi mara nyingi ndiye pia anayetembea sana, asiyevuta sigara, asiye na kitambi wala kisukari. Sasa kinachomkinga ni HDL, au ni hayo mengine? Kwa kumtazama tu huwezi kujua.

Elimu ya vinasaba ndiyo iliyofungua fundo hilo. Mtoto anapotungwa, kila mzazi humpa nusu ya vinasaba vyake, na ni nusu ipi itakayomwangukia ni kama kura ya upatu: majina kwenye kikapu, mkono unaingia, hakuna wa kupendelewa. Aliyeangukiwa na kinasaba cha kupandisha HDL hakukipata kwa sababu anakwenda shamba kwa miguu. Akiwa tajiri kesho, au akianza kuvuta sigara, kinasaba hakibadiliki. Basi ukiwaweka wenye kinasaba hicho upande mmoja na wasiokuwa nacho upande wa pili, hayo mengine yote yanagawanyika takribani sawa, na tofauti ya ugonjwa ikionekana unajua imetokana na nini.

Mwaka 2012 kundi kubwa la watafiti, akiwamo Benjamin Voight na Sekar Kathiresan wa Marekani, lilifanya hivyo kwa zaidi ya wagonjwa 20,000 waliopata shambulio la moyo na watu zaidi ya 95,000 wasiougua. Walichagua badiliko la kinasaba linalopandisha HDL bila kugusa mafuta mengine. Kama HDL ingekuwa kinga, waliozaliwa na badiliko hilo wangepungukiwa hatari kwa asilimia 13 hivi. Hawakupungukiwa chochote. Mwaka 2016 likapatikana badiliko jingine ambalo wenye nalo wana HDL nyingi na bado wanaugua zaidi ya wenzao.

Dawa zimesema hayo hayo. Torcetrapib, dawa ya majaribio ya kuongeza HDL, iliipandisha kwa asilimia 72, lakini Desemba 2006 jaribio lake likasimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikufa wengi zaidi. Atakayesema ilikuwa ikipandisha presha, atakuwa amesema kweli. Ila dalcetrapib, iliyokuja baadaye bila mzigo huo wa presha, iliachwa mwaka 2012 kwa kukosa faida. Kampuni zenye maabara na mabilioni zimeshindwa, halafu sisi tunaambiwa mafanikio yako kwenye chupa ya stendi?

LDL ina habari nyingine, na sehemu yake nzuri kuliko zote imetoka kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika. Ini lina vipokezi vinavyoinasa LDL kutoka kwenye damu na kuiondoa. Waliovigundua, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kuna protini iitwayo PCSK9 ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi hivyo. Mwaka 2005, mjini Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wamezaliwa na kinasaba cha PCSK9 kilichokatika, kwa hiyo vipokezi vyao hudumu na LDL yao huwa chini. Mwaka uliofuata walitoa hesabu ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa miaka 15 hivi. Wenye kinasaba hicho walikuwa asilimia 2.6. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88.

Zimbabwe alipatikana msichana wa miaka 21 aliyerithi kilichokatika kutoka kwa baba na kwa mama pia. LDL yake haikufika hata 0.5, na alikuwa mzima, ameshajifungua. Kwa ugunduzi huo wa kinasaba cha PCSK9 zikatengenezwa dawa za kuizuia protini hiyo, zilizoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2015. Bei yake siitaji hapa, maana si dawa za mfuko wa mkulima.

Asilimia 88 ni nyingi kuliko inayopatikana kwa dawa yoyote iliyoanzwa uzeeni, na sababu yake ni muda. Brian Ference na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba LDL iliyo chini tangu kuzaliwa hukinga takribani mara tatu zaidi ya kupungua kwa kiasi kile kile kunakoanza ukubwani. Mishipa haizibi kwa mlo mmoja wa sikukuu, inaziba kwa miaka. Kwa hiyo mzee wangu atumie dawa alizoandikiwa hospitali, zitamsaidia, lakini wanawe wenye miaka 30 ndio wa kupimwa sasa. Kuna familia ambamo LDL ya juu hurithiwa moja kwa moja, mtu mmoja katika kila 300 hivi duniani, na mtoto wa mwenye tatizo hilo ana nusu kwa nusu ya kulirithi. Baba au kaka akipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, ndugu wote wapime. Huku kwetu tunaambiana amelogwa au ni presha, tunazika, tunarudi shambani.

Trigliseridi nazo zina hatia yake, vinasaba vimeonyesha hivyo mwaka 2014, lakini hazijawa hoja ya msimu huu.

Nimeulizwa pia habari ya nazi, kwa sababu wauzaji wanaisifia kwamba inaongeza lehemu nzuri. Ni kweli inaiongeza. Inaongeza na LDL, ila hilo halitangazwi. Mchuzi wa samaki wa nazi mimi nitaendelea kuula, si kila siku.

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na maofisa afya wa halmashauri wana haki ya kumwomba mwenye kipaza sauti aonyeshe usajili wake na wa dawa yake. Pale stendi sijamwona anayeomba.

Kwako Mhariri, kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba, naomba ukurasa wako wa afya umuulize mganga mkuu wa wilaya kipimo cha LDL kinafanyika vituo vipi hapa Masasi, na mwenye bima na asiye na bima wanalipa shilingi ngapi.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Masasi, Mtwara