Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya

YAH: MUDA WA MAFUNZO ELEKEZI KWA WAUGUZI WAZOEFU WANAOHAMIA KITUO KIPYA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muuguzi anayeajiriwa serikalini kwa mara ya kwanza ana mwaka mmoja wa majaribio, na wodini watu humvumilia: "huyo bado mgeni." Anayehamia akiwa na miaka 15 kazini havumiliwi hivyo. Anaripoti asubuhi na barua yake ya uhamisho, anapita kwa katibu wa afya, matroni anamzungusha hospitali nzima kabla chai haijapoa, kisha anakuta jina lake kwenye rosta ya usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji hupona kwa kwenda likizo aliyokuwa ananyimwa siku zote.

Mwenzangu mmoja, mkunga hodari, alipokelewa hivyo. Usiku mama mmoja akaanza degedege leba: kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti mkunga huyo anaijua hata usingizini: gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, yaani mililita 8 za dawa ya asilimia 50 na 12 za maji, kisha gramu 5 kila tako. Hapo hakuhitaji mwalimu. Alikotoka, trei ya dawa na vifaa vya kifafa cha mimba ilikaa mezani. Huku ilikuwa imefungiwa kabatini, ufunguo haujulikani ulipo, na namba ya daktari wa zamu iliyobandikwa ukutani ni ya mtu aliyekwishahama. Aliyemwokoa ni mhudumu wa usafi, aliyejua ufunguo unakofichwa. Mama alipona.

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inathibitisha kwamba muuguzi anaijua kazi. Haisemi kwamba anaijua nyumba.

Kuna na la mfumo. Mtu ametoka zahanati anakojaza kwa kalamu vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, anafika hospitali ambako kila dawa inapitia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya vya serikali. Nywila yake haijatoka, basi anatumia ya mwenzake. Likitokea tatizo, kumbukumbu itaonyesha dawa imetolewa na mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake.

Swali la muda halijibiwi kwa kuhesabu miaka ya utumishi. Anayetoka leba kwenda leba, wiki mbili zinamtosha. Anayetoka wagonjwa wa nje kwenda chumba cha wagonjwa mahututi au kwa watoto wachanga apewe wiki sita, hata kama anakaribia kustaafu. Katika muda huo awe mtu wa ziada kwenye zamu, asihesabiwe kuziba pengo, vinginevyo hayo si mafunzo elekezi, ni jina tu.

Najua nitajibiwa kuwa watumishi hawatoshi. Ni kweli, na sisi ndio tunaobeba upungufu huo. Lakini pengo lililomsubiri mtu miezi kadhaa haliwezi kushindwa kusubiri wiki mbili zaidi.

Hata kabla ya bajeti, waraka mmoja kwa waganga wafawidhi unawezekana: aliyehamia asipangwe usiku peke yake mpaka mwenyeji aliyepewa kumwongoza asaini kwamba amemwonyesha dawa za dharura, oksijeni, funguo, namba za simu zinazopatikana, na kwamba nywila yake imeshafunguliwa.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi Mkunga, Kanda ya Ziwa

Nakala: TAMISEMI, maana barua nyingi za uhamisho hutoka huko.