Malalamiko kuhusu mkazo wa vitenzi katika kozi yenu ya Kiitaliano

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: KITABU NA SAUTI ZA KOZI YA KIITALIANO

Nilinunua kozi yenu mwezi wa tatu kwa shilingi 3,500. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Watamu, na wageni wetu wengi ni Waitaliano, kwa hiyo sikuinunua kwa kujifurahisha.

Somo la 4 linasema mkazo wa Kiitaliano huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, "kama Kiswahili". Hapo ndipo mliponiponza. Kwa parlo (nasema) na parliamo (tunasema) ni sawa. Lakini (herufi kubwa ndipo penye mkazo) "wanasema" ni PAR-la-no, "wanaishi" ni A-bi-ta-no, na "wanapiga simu" ni te-LE-fo-na-no, silabi ya nne kutoka mwisho! Kwetu neno likirefuka mkazo huhama: piga, pigana, pigania. Kwao -no ikiongezwa kwenye abita (anaishi), mkazo haubanduki. (Hata Kiswahili chenyewe kina barabára ya magari na barábara ya "sawasawa", lakini hayo tuyaache.)

Wiki iliyopita nilimwambia mgeni mmoja kwamba wenzake "telefonáno", kama sauti yenu ilivyonifunza. Alinitaka nirudie mara tatu, mwishowe akaniuliza kwa Kiswahili: "Wanapiga simu?" Mwenzangu wa zamu alicheka hadi akaingia chini ya meza.

Sauti hiyo hiyo, ambayo naamini ni ya mashine, inasoma parlò (alisema) sawasawa na parlo (nasema). Vedere (kuona) na prendere (kuchukua) mmezipanga safu moja bila alama yoyote, ilhali moja ni ve-DE-re na nyingine PREN-de-re. Najua Waitaliano wenyewe kwa kawaida huandika alama mkazo ukiwa mwishoni tu, lakini kitabu cha mwanafunzi si gazeti.

Silabi nazo mmezikata ovyo. Mangiamo (tunakula) mmeigawa man-gi-a-mo. Ni man-gia-mo, kwani hiyo i ipo kulainisha g tu. Aspettano (wanangoja) ni a-spet-ta-no, si as-pet-ta-no.

Naomba mnirudishie pesa zangu, au mnitumie toleo lililosahihishwa, lenye alama za mkazo na sauti ya binadamu. Nimeambatisha risiti na nakala ya ukurasa wa 31 niliousahihisha kwa kalamu nyekundu. Nangoja jibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja, Watamu