Heri ya Krismasi kutoka kwenye mvinje wa ndoo

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo huko mliko?

Krismasi imebisha hodi, na kabla sijawatakia heri niwape kwanza matokeo, maana najua wengi wenu mmefungua ujumbe huu kwa ajili hiyo tu. Shindano letu la kupamba mti kwenye picha limefungwa jana usiku. Vijana mliokuwa mnaomba muda uongezwe, poleni, tukutane mwakani.

Kwa mashangazi na wajomba waliojiunga mwishoni wakakuta picha zimejaa simuni, mambo yalikuwa hivi. Kila mmoja alipewa picha ileile: tawi la mvinje limesimikwa kwenye ndoo ya rangi iliyojaa mchanga na kokoto, nyuma yake ukuta wa plasta tupu, dirisha liko kushoto. Hakuna hata riboni. Kazi yako ni kuupamba mti huo kwa simu au kompyuta, kwa programu yoyote uliyoizoea, kisha uurudishe. Zawadi ni kreti la soda, na soda zenyewe mtakunywa wote.

Mwanzoni shindano lilitaka kutuchosha. Picha za kwanza zilifanana kama watoto waliovaa sare za shule: mipira ileile ya dhahabu, nyota ileile, theluji ileile inayodondoka, vyote vimechotwa kwenye mapambo ya bure yanayokuja na programu. Ndipo tukatunga sheria. Kila unachotundika ukipige picha mwenyewe, hapo ulipo, mwezi huu huu. Na watu hawaongezwi.

Hapo ndipo mchezo ukanoga. Binamu yetu wa Muscat, Oman, akatundika dele ya kahawa kwenye tawi la chini, inang'aa hadi unaiona dari ya chumba chake kwenye tumbo lake. Krismasi yenyewe atakuwa kazini, kwa sababu kule 25 Desemba si sikukuu ya taifa. Kijana wetu wa Morogoro akaokota maua ya mkrismasi yaliyoanguka barabarani, yale mekundu yanayowaka kila Desemba, akayapanga juu ya mvinje moja moja. Alikuwa na hoja, na mimi naiunga mkono: kwa nini tuhangaike na mti wa kijani wakati nje kuna mti, wenye asili ya Madagaska, unaojipamba wenyewe msimu huu bila kuombwa? Muuguzi wetu aliye zamu za usiku akapuliza glovu zikawa maputo. Watoto wakaleta vizibo vya soda, wametoboa matundu na kupitisha uzi, na mmoja wao, sijui alifikiria nini, akazungusha waya wa chaja kuanzia juu hadi chini akidai ndizo taa.

Jirani yetu wa Tanga, ambaye Krismasi si sikukuu yake lakini pilau letu halimpiti, alituma machungwa ya Muheza. Nilimwambia amegusa mizizi bila kujua. Katika maandishi ya mji wa Strasbourg, Ulaya, ya mwaka 1605, miti iliyosimamishwa sebuleni ilipambwa kwa matufaha, vikaki na waridi za karatasi. Mipira ya kioo ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo chungwa lina haki zote za kuning'inia pale.

Mniruhusu niwachoshe kidogo na vivuli, kwa sababu ndipo wengi mlipopoteza alama. Mwanga wa picha yetu unatoka dirishani, kushoto, kwa hiyo kila kitu kinapaswa kung'aa upande huo na kivuli kilalie kulia. Machungwa yalikuwa mazuri mno, lakini yalipigwa picha juani saa sita mchana, kivuli chote kikabaki chini ya tumbo, na jicho likakataa hapo hapo. Dawa ni rahisi: kipige kitu picha ndani, karibu na dirisha, kikatwe pembezoni taratibu, kiwekwe kwenye tabaka lake, yaani safu yake ya peke yake juu ya picha, kisha punguza mwangaza wake kidogo na upake kivuli chepesi kwenye majani yaliyo nyuma yake. Na vijiti vya mvinje vipite mbele ya pambo hapa na pale. Pambo lililobandikwa juu ya kila kitu linaonekana limebandikwa.

Mzee mmoja kati yetu, simtaji, hakupendezwa. Alisema mti wa Krismasi ni wa kupambwa kwa mikono, na picha iliyochezewa ni uongo. Mzee wangu, kwa heshima zote, mti huu umesambaa Marekani kwa msaada wa picha iliyochezewa. Desemba 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao mezani, wameuzunguka mti kwenye kasri la Windsor. Miaka miwili baadaye jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia likauchapa mchoro huohuo kwa wasomaji wa Marekani, ila Malkia kavuliwa taji na Albert kanyolewa masharubu, ili wapite kama familia ya kawaida tu ya Kimarekani. Mti haukuguswa. Wamarekani wakaupenda, wakaenda kukata wa kwao. Mwaka 1850 hakuna simu wala kompyuta, na kinyozi wa picha alikuwa kazini!

Sheria ya kutoongeza watu ililalamikiwa, na ninaelewa sababu. Desemba ndio mwezi wa kuhesabiana. Mtu anaangalia mezani, anaona kiti. Dada yetu mmoja aliomba amweke marehemu baba pembeni ya ndoo, tukamwomba radhi, tukakataa, na sikulala vizuri siku ile. Kesho yake akaleta picha nyingine. Ametundika miwani ya baba kwa mkono mmoja wa miwani yenyewe, ile yenye fremu nyeusi iliyofungwa uzi kwenye bawaba. Kioo kimoja kina mwanga unaotoka kulia, kinyume kabisa na dirisha letu. Hakuna aliyesema neno. Mimi mkali wa vivuli nikanyamaza pia.

Haya, mshindi. Mnakumbuka pamba ya duka la dawa tuliyokuwa tunanyofoa vipande na kuvibandika kwenye matawi, tukisema ni theluji? Wengi mlipiga picha pamba. Mama mkubwa wa Marangu hakuhitaji. Aliamka alfajiri kabla mawingu hayajafunga, akaelekeza simu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akapiga theluji yenyewe. Mjukuu akamwonyesha jinsi ya kulaza picha moja juu ya nyingine na kufuta pasipotakiwa, basi mvinje wa ndoo ukabeba kilele cha mita 5,895 kwenye ncha za matawi, bila pambo lingine lolote. Barafu ya kule juu imepungua sana. Sehemu kubwa ya iliyokuwepo mwaka 1912 imekwishayeyuka. Ipigeni picha mtakapokuwa huko. Kreti ni la mama mkubwa, na hakuna rufaa.

Sasa salamu. Mnaopanda Moshi na Arusha, barabara ya Segera hadi Same ina magari mengi siku hizi, dereva akikimbia mwambieni, msione haya. Ndugu mlio zamu hospitalini, kwenye ulinzi, bandarini na usukani, tutawawekea chakula na hatutakigusa. Walio Muscat, tutapiga simu jioni yenu, mkishatoka kazini. Mliofiwa mwaka huu, msilazimike kuchangamka kwa ajili yetu. Njooni mkae tu. Na majirani zetu Waislamu mtakaokuja kula, mbuzi atachinjwa na mmoja wenu kama kawaida yetu, kwa hiyo mfike mapema.

Heri ya Krismasi kwenu nyote, na mwaka mpya uwakute wazima.